Nimwagieni, Ila kwa Kiasi
Wanachuo wenzangu, bethidei yangu imekaribia na najua ndoo mmeshaziandaa. Kumwagiwa maji napenda, sikatai. Unga nao poa, mradi usiingie machoni. Mayai hapana: yakikaukia kwenye nywele zilizosukwa, harufu haitoki mpaka ufumue, na pesa ya msusi inatoka kwenye bumu. Tope la Mto Mirongo ndiyo msithubutu kabisa; ule mto unapitisha maji machafu ya mjini kwenda Ziwa Victoria. Wapo wanaofurahia kuchafuka kuliko mimi. Ruksa, kila mtu na kipimo chake. Ila sisi walimu watarajiwa tutawafundisha watoto kwamba mwili ni wa mwenyewe. Tuanze sisi: uliza kwanza, ndipo umwage. Mtu akisema inatosha, weka ndoo chini.