Lifti ya Bibi

Akina mama wenzetu, nyumba yetu ya ghorofa tuliijenga miguu ya wote ikiwa mizima. Bibi wa watoto wetu alipopatwa na kiharusi, tulimhamishia chumba cha wageni, chini. Siku moja akatuambia: "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Langu liko wapi?" Mume na mke hatukulala. Tukaanza kutafuta lifti.

Ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa ndogo, na bei yake ilituvutia. Tuliipenda mpaka tulipopima kiti cha magurudumu cha Bibi: upana sentimita 66. Kiti kingeingia, lakini msukumaji angebaki nje! Tena kitufe chake kilitaka kubonyezwa safari nzima. Ukikiachia, lifti inasimama. Mkono wa kuume wa Bibi hauna nguvu. Tumfungie humo peke yake?

Tukachagua yenye chumba cha mita 1.1 kwa 1.4, na mlango wa sentimita 90. Stoo zetu mbili, ya chini na ya juu yake, zilikwenda. Mhandisi alikagua mihimili kwanza, ndipo mafundi wakakata zege. Tulidai pia betri, ili umeme ukikatika lifti ishuke na mlango ufunguke. Kwetu umeme hukatika bila kubisha hodi.

Siku ya kwanza Bibi alikataa kupanda mpaka sisi tutangulie. Tukapanda, tukashuka. Akaingia. Kufika chumbani kwake, akaamuru mapazia yafuliwe.