Mwali Uliotawishwa

Katika Kiswahili neno mwali lina maana mbili ambazo aghalabu hazikutani. Mwali ni mshale wa mwanga. Na mwali ni msichana aliyevunja ungo, akatawishwa ndani asionwe na wapitao. Maana hizo zinakutana katika mwali wa gama. Huo una nguvu kuliko miali yote ya mwanga, lakini jicho haliuoni, na hewa iliyoizunguka dunia huuzuia usifike ardhini. Mwenye kutaka kuupokea wenyewe hana budi kuipeleka darubini juu ya hewa.

Katikati ya Juni 2015, darubini ya Fermi, iliyorushwa kutoka Marekani mwaka 2008, ilipokea miali hiyo kwa wingi usio wa kawaida kutoka kwenye kwasa iitwayo 3C 279. Kwasa ni kitovu cha kundi la nyota, na ndani yake mna shimo jeusi kubwa mno. Vitu vinavyolizunguka huwaka kabla ya kumezwa, na vingine hufyatuliwa nje kama mchirizi uendao kwa kasi iliyokaribia ya mwanga. Mchirizi wa 3C 279 umeelekea kwetu, mfano wa kurunzi iliyomulikwa usoni. Siku zile mng'ao wake ulibadilika ndani ya dakika chache tu, ilhali ulikuwa umekwisha safiri takriban miaka bilioni 5. Uliondoka huko kabla ya dunia yetu kuwako.

Kwashemshi, katika Wilaya ya Korogwe, nchi ya mkonge, kwasa hiyo hupita karibu kabisa na utosi wa mbingu. Jioni za Juni ile ilifika huko juu kiasi cha saa mbili kasorobo za usiku. Zilikuwa siku za mwisho za Shaabani, na macho ya wengi yalielekea machweo, yakiungoja mwezi mwandamo wa Ramadhani.

Nchi hiyo inajua thamani ya jina. Kwashemshi, Kwamndolwa, Kwagunda: kila mahali ni kwa mtu fulani. Lakini 3C 279 ni namba tu katika orodha iliyotungwa Cambridge mwaka 1959. Na ajabu ni kwamba Kiswahili kilikuwapo elimu hii ilipoanza. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza miali ya eksirei ya angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Kutoka jukwaa hilo hilo, tarehe 15 Novemba 1972, iliruka SAS-2, iliyotumwa kuitafuta miali ya gama yenyewe. Hiyo haikupewa jina la Kiswahili.

Hasara yake haiwapati wataalamu, kwani wao wanaelewana kwa namba. Inampata mtoto wa Kwashemshi asomaye fizikia sekondari kwa Kiingereza, kisha arudipo nyumbani akaulizwa na bibi yake amejifunza nini. Bibi anayajua mambo ya kutawishwa. Anajua kwamba aliyefichwa hakukosa nguvu wala uzuri. Nusu ya maelezo anayo tayari. Iliyobaki ni kazi ya washairi na wafasiri: kumpa mjukuu maneno ya kumalizia.