Kijana Anapobaleghe, Sauti Huenda Wapi?



Ndugu wazazi, walimu wa madrasa hapa Bujumbura huulizwa sana jambo hili. Mtoto alikuwa akisoma Qur-ani kwa sauti nyororo, alipofika miaka 13 au 14 ikaanza kukwaruza, naye sasa hataki kusoma mbele za watu. Baba husema ni uvivu, mama husema ni maji ya barafu. Wengine humpa asali, na si vibaya, ila asali hupita njia ya chakula, haigusi nyuzi za sauti.

Nyuzi hizo ni mbili, zimo ndani ya zoloto, juu ya bomba la pumzi. Pumzi ikipita, hutikisika: kwa mtoto kama mara 250 au zaidi kwa sekunde, kwa mwanamume mzima kama mara 120. Kijana akibaleghe, zoloto hukua na kuchomoza mbele (ndicho kile kikoromeo cha shingoni), na nyuzi hurefuka na kunenepa. Uzi mnene hutikisika polepole, kama ule wa udi. Misuli iliyozoea zoloto dogo bado haijaweza kulitawala hili kubwa, ndiyo maana sauti huruka katikati ya aya. Wasichana nao zoloto hukua, lakini kidogo.

Hapo mtoto hudhani kisomo chake chote kimepotea. Sivyo. Herufi sita za koo ziko palepale: hamza na hee chini kabisa, ain na haa katikati, ghain na khaa juu. Kilichoshuka ni sauti tu.

Tulikuwa na mwanafunzi aliyeongoza kasida za Maulidi. Siku moja sauti ilimkatikia mazoezini, wenzake wakacheka, akatoweka miezi miwili. Aliporudi tulimweka kwa waitikiaji wa sauti ya chini, na Juzuu Amma akaisoma taratibu, bila kupandisha. Wapo wanaowalazimisha vijana wa umri huu kumuiga Sheikh Abdulbasit Abdusamad (1927–1988) pale anapopaa juu. Wanasahau kwamba Sheikh mwenyewe huanzia chini.

Kwa kawaida sauti hutulia baada ya miezi kadhaa, kwa wengine mwaka na zaidi. Lakini ikikauka zaidi ya wiki tatu, au kukiwa na maumivu, mpelekeni kwa daktari.