Kariokor: Kipande cha ngozi kimfunzacho mtoto subira

Ukiishika barabara ya Racecourse jijini Nairobi, ukalipita kanisa la Mtakatifu Peter Claver kisha ukavuka Mto Nairobi, hutakawia kufika Kariokor. Wengi hulijua soko hili kwa nyama choma, na kwa hakika harufu ya mbuzi hukulaki mapema. Lakini mbuzi hana nyama tu, ana ngozi pia. Leo, mpenzi msomaji, tuiache sahani tuifuate ngozi.

Jina la mahali hapa lina historia nzito. Katika Vita Vikuu vya Kwanza, kati ya 1914 na 1918, serikali ya Waingereza iliwakusanya Waafrika wengi, baadhi yao kwa nguvu, wawabebee askari risasi na chakula. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Mswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Makumi ya maelfu ya wapagazi hao hawakurejea makwao, wengi wakiuawa na maradhi wala si risasi.

Siku hizi sifa ya Kariokor ni kazi ya mikono. Humo utawakuta mafundi wakikata soli za viatu vya wazi, akina mama wakipamba kanda za viatu kwa shanga, na vyondo vya mkonge vikitiwa mikanda ya ngozi. Mgeni husimama, huuliza bei, kisha huanza kuipunguza. Hapo ndipo penye kisa chetu. Twaipunguza bei kwa urahisi kwa sababu hatujui kazi iliyomo ndani ya kiatu. Dawa ya hilo ni kushona kitu kidogo kwa mikono yako mwenyewe, na kitu kifaacho kuanzia ni kishikio cha funguo.

Waombe mafundi wakuuzie vipande vilivyobaki baada ya kukata soli na mikanda. Chagua ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 2 au 3. Ngozi iliyolainishwa kwa maganda ya miti, kama vile muwati, huwa kavu kidogo na imara, nayo humfaa anayeanza. Itambue hivi: idondoshee tone la maji upande wa juu. Ikiwa haijapakwa rangi wala mafuta, italinywa tone hilo na kuwa nyeusi kidogo mahali hapo. Ngozi iliyolainishwa kwa kemikali za kromiamu aghalabu ni laini, na ukiikata, mara nyingi huonyesha rangi ya kijivu au samawati katikati.

Vifaa vingine ni pete ya funguo, kisu kikali, rula ya chuma, msharasi, sindano mbili, gundi ya viatu na uzi wa nailoni. Kisu na msharasi si vya kuchezea, hivyo mzazi asiondoke mezani.

Kwanza, kata karatasi ngumu yenye urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 2, uiweke juu ya ngozi na uichore. Lala na rula, ukikipitisha kisu polepole mara tatu au nne. Usijaribu kuimaliza ngozi kwa pigo moja. Hapa ndipo subira inapopimwa, kwa maana nguo iliyokosewa hufumuliwa ikashonwa upya, lakini ngozi ikishatobolewa tundu halizibi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Pili, upitishe ukanda huo ndani ya pete na kuukunja katikati. Paka gundi pande zote mbili za ndani, lakini acha sentimita 2 karibu na pete ili izunguke vizuri. Ngoja gundi ikauke kiasi cha kutonata kidoleni, ndipo uzibane pande hizo kwa nguvu.

Tatu, chora mstari milimita 3 kutoka ukingoni, kisha utoboe matundu kwa msharasi juu ya ubao, kila tundu milimita 4 kutoka kwa jingine. Kata uzi mrefu wa kutosha, utie sindano kila mwisho. Sindano moja iingie kutoka kushoto na nyingine kutoka kulia, zote katika tundu lile lile, kisha uvute sawasawa. Mshono huu una siri: uzi ukikatika mahali pamoja, ule wa upande wa pili hubaki umeshika. Ukifika mwisho, rudi nyuma matundu mawili, kata, na uunguze ncha za nailoni kwa moto mdogo.

Mwisho, lowesha kingo kwa maji kidogo na uzisugue kwa kitambaa kigumu hadi zing'ae.

Kazi yote yaweza kumaliza alasiri nzima ya Jumapili, na huenda mishono ya kwanza ikaenda upogo. Si neno. Anayeweza kushona kishikio cha funguo amekwisha kujua kupima, kukata, kutoboa na kushona, na hizo ndizo kazi za mshipi, pochi na hata mkoba wa shule.

Faida kubwa zaidi huonekana siku mtakaporudi Kariokor. Mtoto aliyetoboa matundu hayo yote huku kidole kikimuuma hataangalia viatu kibandani kwa jicho la zamani. Ataihesabu mishono kwanza, kisha ndipo aulize bei. Na fundi akiitaja, huenda mwanao akawa wa kwanza kukuambia: "Baba, tumlipe tu."