Mtoto mwenye kifafa anahitaji maombi, dawa na mkono wa kumshika

Katika Injili ya Marko, sura ya 9, kuna baba aliyewapelekea wanafunzi wa Yesu mtoto wake mgonjwa. Mtoto huyo alikuwa akianguka chini, akitoka povu mdomoni, akisaga meno na kukakamaa mwili. Wanafunzi walijaribu kumsaidia, wakashindwa.

Yesu alipofika aliwakuta watu wazima wakibishana. Waandishi wanahojiana na wanafunzi, umati umewazunguka, na mtoto yupo palepale na shida yake.

Wazazi wanaolea mtoto mwenye kifafa wanaijua hali hiyo. Mtoto akianguka mara ya pili au ya tatu, nyumba hujaa maneno. Upande wa baba husema ugonjwa umetoka kwenye ukoo wa mama. Jirani hutaja jina la mtu mwenye kijicho. Mmoja anashauri mganga, mwingine mkesha wa maombi, na wa tatu ananong'ona kwamba kuna dhambi ya siri katika nyumba ile. Wiki zinapita, mtoto hajapelekwa kupimwa.

Yesu hakuingia kwenye ubishi. Alimgeukia baba na kumuuliza hali hiyo ilimwanza mtoto lini. Baba alijibu kwamba ni tangu utotoni, akaongeza kwamba mara nyingi mtoto hutupwa motoni na majini.

Swali hilo ndilo daktari huuliza hadi leo. Lilianza lini? Huanzia mkono mmoja au mwili mzima? Hudumu dakika ngapi? Mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Amewahi kuugua malaria kali, homa ya uti wa mgongo, au kuumia kichwa? Mzazi mwenye majibu hayo ni mzazi aliyekaa karibu na mwanawe, akamtazama bila kumkimbia. Huo nao ni upendo, na ndio unaomsaidia daktari kutibu.

Ni pepo au ni ugonjwa?

Simulizi ya Marko inataja pepo, na hapo ndipo familia nyingi za Kikristo hukwama. Wakiisoma peke yake, huona kila anayeanguka ana pepo, hivyo dawa za hospitali zinaonekana ni kukosa imani.

Lakini Biblia hiyohiyo haiwaweki wagonjwa wote katika kapu moja. Mathayo, sura ya 4, anapoorodhesha watu walioletwa kwa Yesu, anawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza kila kundi kwa jina lake. Luka, ambaye Paulo anamtaja katika waraka kwa Wakolosai, alikuwa tabibu. Paulo mwenyewe alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake na maradhi yaliyomsumbua mara kwa mara. Wakatoliki wanacho pia kitabu cha Yoshua bin Sira, ambacho katika sura ya 38 kinamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake.

Kitabibu, kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chembe za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na umeme huo ukilipuka kupita kiasi kwa wakati mmoja, mtu hupoteza fahamu, hukakamaa au hutetemeka. Wengine hawaanguki kabisa, hukodoa macho tu kwa sekunde chache kama walioduwaa, na mwalimu hudhani ni utoro wa mawazo.

Sababu zake ni nyingi. Mtoto anaweza kuupata kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa ajali ya kichwa, kwa malaria iliyopanda kichwani, au kwa mayai ya tegu la nguruwe yanayoingia mwilini kwa uchafu wa mikono na chakula. Wakati mwingine sababu haijulikani. Hauambukizwi kwa mate, kwa povu, wala kwa kula sahani moja.

Ni vyema pia kutofautisha kifafa na degedege la homa. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano anaweza kupata degedege kwa sababu ya homa kali, na wengi wao hawapati kifafa baadaye. Hata hivyo apelekwe kituo cha afya haraka, kwa kuwa homa hiyo inaweza kuwa ya malaria au ya uti wa mgongo.

Walichokiogopa watu wa Mahenge

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mzaliwa wa Norway, Louise Jilek-Aall, alifanya kazi Mahenge, mkoani Morogoro, eneo lenye misheni ya Kikatoliki. Aliwakuta watu wengi wenye kifafa wakiishi kwa kutengwa. Walikula peke yao, na wengine walilala kwenye vibanda vya pembeni.

Wengi walikuwa na makovu makubwa ya moto. Sababu ilikuwa ya kusikitisha. Mgonjwa alipoangukia motoni, waliokuwa karibu waliogopa kumgusa, kwa kuamini kuwa povu lake lingewaambukiza. Hawakuwa watu wakatili. Walikuwa ndugu zake, na bila shaka walimpenda, ila hawakuwa na maarifa, na hofu ikawashika mikono.

Daktari huyo alianzisha kliniki na kuwapa dawa iitwayo fenobabito, ambayo ni ya bei nafuu na inatumika hadi leo. Wagonjwa wengi walipungukiwa na mianguko, na baadhi walirudi kwenye shughuli za nyumbani na shambani. Tafiti za miaka ya karibuni katika eneo hilo zimehusisha wingi wa kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo wanaozaliana kwenye mito yenye maji ya kasi. Ndiyo maana katika maeneo hayo kumeza dawa za kingatiba za usubi ni sehemu ya kuwakinga watoto.

Motoni na majini, aliyoyasema baba yule wa Injili, ndiko wagonjwa wa Mahenge walikoumia. Na ndiko watoto wanakoumia hata leo, kwenye nyumba zenye mafiga chini na visima visivyo na mfuniko.

Dawa inapoachwa madhabahuni

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa duniani, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka, iwapo watapimwa na kutibiwa ipasavyo.

Dawa ya kifafa hufanya kazi kwa kumezwa kila siku, hata siku ambazo mtoto ni mzima na anacheza mpira. Hapa ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto akikaa miezi bila kuanguka, mzazi huamini amepona. Au anaombewa kwa imani kubwa, na mtu fulani anasema aonyeshe imani yake kwa kuacha vidonge.

Kuacha dawa ghafla kunaweza kuleta mianguko inayofuatana bila mtoto kupata fahamu katikati. Hali hiyo inaweza kuudhuru ubongo na inaweza kuua. Kwa kawaida daktari hufikiria kupunguza dozi baada ya mtoto kukaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka, na hupunguza kidogokidogo.

Mchungaji anayemwombea mtoto kisha akamuuliza mama kama dozi ya asubuhi imemezwa, hajapunguza imani yake. Neno lake lina uzito ambao muuguzi wa zahanati hana. Akisema Jumapili, mbele ya wote, kwamba vidonge na maombi vinakaa nyumba moja, anaweza kuokoa maisha ya mtoto asiyemfahamu hata kwa jina.

Mtoto akianguka

Siku mtoto atakapoanguka, nyumbani, shuleni au ibadani, wema unaohitajika ni wa vitendo vichache.

Asogezwe mbali na moto, maji, ngazi au barabara. Vitu vigumu viondolewe karibu naye. Kichwani awekewe kitu laini, kama khanga au sweta iliyokunjwa, na nguo ya shingoni ilegezwe. Mtetemeko ukipungua, alazwe ubavu ili mate yatoke na apumue vizuri.

Asishikiliwe kwa nguvu ili atulie. Asiwekewe kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni, kwa kuwa ulimi haumezwi, ila meno yanaweza kuvunjika na hewa ikazibwa. Asinyweshwe maji wala dawa kabla hajapata fahamu kamili. Kuwasha kiberiti puani au kumnusisha kiatu hakusaidii.

Mtu mmoja aangalie saa. Mianguko mingi huisha yenyewe ndani ya dakika chache. Ikizidi dakika tano, au ikirudi kabla mtoto hajazinduka, au kama ameumia, au kama ni mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali.

Kisha kuna jambo ambalo halimo kwenye vipeperushi vingi. Mtoto huzinduka amechoka na amechanganyikiwa. Mara nyingine amejikojolea, na watu wamemzunguka wakimshangaa, baadhi wakiwa na simu mkononi. Marko anasimulia kwamba yule mtoto alilala kama maiti hata wengi wakasema amekufa, lakini Yesu akamshika mkono akamwinua. Kumfunika mtoto khanga, kuwaondoa watazamaji, kumwita kwa jina lake na kumshika mkono mpaka ajue yuko wapi, ni wema ambao hauhitaji elimu ya udaktari.

Mzigo wa mama

Katika familia nyingi, mama ndiye anayebaki na mtoto huyu. Ndiye anayekosa biashara siku ya kliniki, na ndiye anayeulizwa alifanya nini wakati wa ujauzito. Baadhi ya kina baba huondoka kabisa. Ndugu wa mtoto nao hubeba aibu isiyo yao, wakiitwa shuleni kwa jina la ugonjwa wa mwenzao.

Msamaria wa Injili ya Luka hakuishia kumwonea huruma majeruhi. Alimfunga vidonda, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili na kuahidi kulipa gharama zaidi atakaporudi. Huruma yake ilikuwa na mpango, na ilikuwa na siku ya kurudi. Ugonjwa wa miaka mingi unahitaji wema wa namna hiyo, usiochoka baada ya ziara ya kwanza.

Jumuiya ndogondogo, kikundi cha kina mama au kwaya wanaweza kupanga mambo yanayowezekana. Mmoja achangie nauli ya kliniki. Mwingine akae na mtoto saa chache ili mama aende sokoni. Fundi wa mtaani ainue jiko litoke chini. Kisima kiwekewe mfuniko. Mwalimu wa shule ya Jumapili afundishwe namna ya kumlaza mtoto ubavu, naye awaeleze watoto kwamba mwenzao haambukizi na anaweza kukaa nao benchi moja.

Nyumbani, mtoto aachwe aishi utoto wake. Aende shule, acheze, apewe kazi kama wenzake, ila asitumwe peke yake mtoni, asipande miti, asiachwe na moto, na bafuni asifunge komeo. Mwalimu wake aambiwe ukweli mapema, kabla ya siku ya kuanguka darasani.

Na kwenye daftari la kliniki mzazi aandike tarehe ya kila mwanguko, muda ulioanza na ulivyokwisha. Daktari akiuliza tangu lini, jibu litakuwepo.