Sema Ungali Nchi Kavu

Kamina, mwezi wa Oktoba

Mpwa wangu mpendwa,

Mvua imeanza na mama yako ameshapanda mahindi nyuma ya nyumba. Ndiye aliyeniletea simu nisome ujumbe wako, kwamba mwisho wa mwezi wewe na wenzako wa chuo mtakwenda baharini na kayaki, kutoka Kunduchi, huko Dar, hadi kisiwa cha Mbudya na kurudi siku hiyohiyo, na kwamba karibu wote mtakuwa mnashika kafi kwa mara ya kwanza. Mama yako anataka nikukataze. Sikukatazi. Nimemwahidi tu kwamba nitakuandikia, nawe unajua nikishika kalamu sina haraka.

Babu na bibi yako walikuwa watu wa Kinkondja, kwenye ziwa Kisale. Reli ilipofika Bukama mwaka 1918, wazee wao ndio waliokuwa wakiona watu wakishuka kwenye treni na kupanda meli kuteremka mto Lualaba. Lakini wewe ni mtoto wa Kamina, mtoto wa stesheni. Maji yako ulikuwa ukiyabeba kwenye bidoni ya njano. Usijidanganye kwamba uvuvi uko kwenye damu. Damu haiogelei.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko yote ni hili: lolote linalokutia wasiwasi, liseme mkiwa bado ufukweni, na liseme mbele ya wote. Katika kundi la wanaoanza, anayeleta taabu si dhaifu. Ni yule anayeona haya kusema.

Nilipokuwa kijana tulitoka Kinkondja na mitumbwi kadhaa kwenda kwenye matanga ng'ambo ya ziwa. Kisale unalisikia tu. Ni ziwa lenye visiwa vya mafunjo vinavyoelea, na wako wavuvi wanaojenga vibanda juu yake. Upepo ukigeuka, kisiwa huhama na kuziba njia uliyopita asubuhi. Kati yetu alikuwamo mgeni mmoja kutoka mjini, mwanamume mwenye kifua kipana, na kila mtu alimpa kafi bila kuuliza. Mikono ilimchoka mapema. Akatazama watoto wa ziwani wanavyopiga kafi wakiwa wamesimama, akaona aibu, akanyamaza. Mchana njia ikazibwa na mafunjo, tukalazimika kuzunguka, na hapo ndipo kafi ilipomtoka mkononi. Tulilala kwenye matete, mbu juu yetu na viboko wakinguruma karibu, kwa sababu mitumbwi yote ilibidi iende kwa mwendo wa ule mmoja na giza likatukuta. Angesema asubuhi, tungemkalisha katikati kama mzigo, tungefika kabla jua halijazama, na leo nisingekuwa na hadithi.

Basi wewe mwambie kiongozi wenu mambo mawili. La kwanza, hujui kuogelea vizuri. La pili, una pumu. Najua unaificha tangu sekondari. Dawa yako isiwekwe kwenye mfuko wa chakula ndani ya kayaki ya mwenzako. Ikae mfukoni mwa jile lako, imefungwa kwenye plastiki, na mtu unayepanda naye ajue iko upande gani.

Nimesema jile, hilo wanaloita huko jaketi okozi. Hapa sitaki ubishi. Livae ungali mchangani, funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako akushike hapo mabegani alivute juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni ni kubwa mno, omba jingine. Liwe na filimbi, na mkubaliane kwamba milio mitatu maana yake ni "nisaidieni", ili mtu asiichezee kwa furaha. Usidanganywe kwamba jile si la lazima kwa sababu kisiwa kiko karibu, kinaonekana kwa macho. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku, pale Goma, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na waliokuwa ufukweni waliitazama ikilala. Wengi walikufa huku bandari wakiiona.

Sasa bahari. Miaka niliyokaa Dar nikifuatilia mizigo ya transiti bandarini, Jumapili nilikuwa nakwenda Kunduchi kukaa na wavuvi wa ngalawa, na jambo lililonishangaza mimi mtu wa ziwani ni maji kupwa na kujaa. Maji yetu hubadilika kwa msimu: Lualaba ikijaa, maziwa ya Kisale na Upemba hufurika, kiangazi hunywea. Ya huko hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa pwani ya Dar huzidi mita 3. Siku hizo maji hupwa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Palipokuwa na maji mlipoondoka huweza kuwa mwamba mtakapofika, na kubeba kayaki juu ya matumbawe yenye ncha, na kandambili miguuni, ni kazi ya kulilia. Vaa viatu vya kufunga. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, maji hayana purukushani hiyo. Tazama mbinguni usiku wa kuamkia safari, kisha umwulize kiongozi saa za kupwa na kujaa. Asipozijua kichwani au kwenye karatasi, huyo ni mwenye kukodisha vyombo tu, si kiongozi.

Upepo nao una tabia yake. Mmechagua majira mazuri: kusi inakwisha na kaskazi haijashika, ndiyo tanga mbili. Hata hivyo asubuhi bahari hutulia, na jua likishapanda upepo wa kutoka baharini huamka, basi ondokeni mapema, saa moja au saa mbili, na muwe mmeshavuka kabla ya adhuhuri. Wanaoanza huogopa upepo wa baharini kwa sababu huleta mawimbi usoni. Huo angalau hukurudisha pwani. Wa kuogopa ni ule unaotoka nchi kavu: ukiwa karibu na ufuko maji ni laini kabisa, kafi ni nyepesi, unajiona hodari, kumbe unasukumwa nje, na taabu utaijua utakapogeuza chombo kurudi. Ukiona safari ya kwenda imekuwa rahisi mno, uliza kuhusu kurudi hapohapo, msisubiri kula kwanza.

Kayaki yenyewe haina makuu. Asili yake ni kwa wawindaji wa nchi za barafu, Greenland na jirani zake, nao walijifungia ndani kwa ngozi. Mtakazopewa ninyi nadhani ni zile za plastiki za kukaa juu, zenye vitundu vya kutolea maji. Vitundu hivyo pia huingiza maji kidogo, kwa hiyo makalio yatalowa. Si kwamba mnazama. Ikiwa ya watu wawili, wa mbele ndiye anayeweka mdundo na wa nyuma ndiye anayegeuza, na ugomvi wote wa kayaki ya watu wawili hutokana na wa nyuma kutomfuata wa mbele. Usivute kafi kwa mikono peke yake, zungusha kiwiliwili, la sivyo mikono itakuchoka kama ya yule mgeni wetu.

Na ombeni, kabla ya kuondoka, kila mmoja apinduliwe makusudi pale maji yanapofika kiunoni. Ukipinduka, shika chombo kwanza, halafu kafi. Kofia iache iende. Kupanda tena ni kulala kwa tumbo juu yake, kupiga miguu nyuma hadi kitovu kivuke katikati, kujigeuza chali, ndipo ukae. Mtu aliyefanya hivyo mara chache karibu na mchanga hatababaika akianguka kwenye kina. Ambaye hakuweza kabisa kupanda asivuke siku hiyo, na wenzake wasimcheke. Kuna kazi ya kuchoma samaki ufukweni pia.

Chakula hakihitaji hotuba. Asubuhi usile makayabu, samaki wale wa chumvi, utakufa kiu. Bukari nzito, yaani ugali, nayo iache hadi jioni. Maji ya kunywa yawe lita mbili au zaidi, yako peke yako. Vaa shati jepesi la mikono mirefu, kofia yenye kamba, na suruali ya jinzi iache nyumbani kwa sababu ikilowa inakuwa jiwe. Weka akiba ya ada pia: Mbudya ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini, na huingii bure. Na kwa kuwa ni hifadhi, usimletee mama yako kombe wala tumbawe, hata akikutumia ujumbe kukuomba. Atakuomba, namjua dada yangu.

Limebaki moja. Kabla ya siku yenyewe, nenda kwa kiongozi wenu umwulize maswali haya bila kuona haya: nani atakaa mbele ya kundi na nani atafunga nyuma, boti ya injini ya kuwafuata iko wapi, na nani nchi kavu anajua saa mtakayorudi ili apige simu msipoonekana. Majibu uniandikie kabla hujalala. Akikosa jibu la hata moja, au majile yakiwa machache kuliko watu, usiende. Mwambie mjomba wako wa Kamina amekataa, nami nitakubali kubeba lawama hiyo.

Mjomba wako