Sikio, Skrini na Kikombe cha Maji

Mwaka 1985, katika chuo kimoja cha jimbo la Illinois nchini Marekani, wanafunzi wa uzamili wa tiba ya usemi na lugha walifundishwa kwanza kusikiliza. Walijifungia kwenye chumba kidogo chenye zulia, kaseti ikawekwa, na sauti za wagonjwa zikaanza kupita moja baada ya nyingine. Huyu anaongea mbiombio, maneno yanagongana, sauti haipandi wala haishuki: ugonjwa wa Parkinson. Yule anavuta silabi moja, inayofuata anaipasua ghafla: tatizo liko serebela, ile sehemu ya ubongo iliyo kisogoni. Mwingine sauti inatokea puani, kaakaa laini halinyanyuki. Mwalimu wao alikuwa akisimamisha kaseti na kumtaka kila mmoja aseme amesikia nini, kabla ya kuruhusiwa kutaja ugonjwa.

Darasani humo alikuwamo mwanamke kutoka Tanga, muuguzi kwa kazi yake ya kwanza, ambaye siku hizi wanafunzi na wenzake humwita Mwalimu tu. Kwa miaka kadhaa wodini kwao alikuwa amewahudumia watu wa kiharusi waliopoteza usemi. Kilichofuata kwa wengi wao ni kugeuzwa ubavu, kulishwa na kuombewa. Kwamba kulikuwa na elimu nzima ya kusikiliza usemi ulioharibika, ukajua ni wapi ubongo umeumia na pa kuanzia kuutengeneza, ni jambo lililomkosesha usingizi kwa furaha.

Elimu hiyo ya kaseti ilitokana na kazi ya Mayo Clinic, mjini Rochester, Minnesota. Mwaka 1969 Frederic Darley, Arnold Aronson na Joe Brown walichapisha matokeo ya kuwasikiliza wagonjwa 212, kila sauti wakiipima kwa vipengele 38: mwendo, pumzi, mkwaruzo, utamkaji wa konsonanti na kadhalika. Kitabu chao kilitoka mwaka 1975, na nakala ya Mwalimu imechakaa hadi jalada limeachia.

Lakini tiba ya usemi ya hospitalini, wakati ule, ilikuwa pembeni. Fani yenyewe nchini Marekani ilijiunda mwaka 1925 kwa watu waliojishughulisha zaidi na kigugumizi na matamshi ya watoto. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyowasukuma wengi wao wodini, kwa sababu askari walirudi na majeraha ya kichwa, wazima wa viungo lakini hawawezi kuomba maji. Hildred Schuell, aliyefanya kazi katika hospitali ya askari wastaafu mjini Minneapolis, alitumia miaka mingi kuwapima watu wa namna hiyo, na kipimo chake cha afazia, yaani kupotea kwa lugha kunakotokana na kuumia kwa ubongo, kilichapishwa mwaka 1965. Hata hivyo miaka 20 baadaye, katika darasa la Mwalimu, wengi walikuwa wanajiandaa kwenda shule za msingi. Waliotaka hospitali walikuwa wachache, nao walionekana wamejitafutia kazi ngumu.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa usemi. Kilikuwa kumeza.

Jeri Logemann wa Chuo Kikuu cha Northwestern alichunguza matamshi ya watu waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya kinywa na koo. Akaona kwamba watu hao hao wanapaliwa wakila, na kwamba viungo vinavyotumika ni vilevile: ulimi, kaakaa, zoloto, nyuzi za sauti. Kitabu chake cha mwaka 1983 kiliwapa watabibu wa usemi kazi ambayo hawakuwahi kuidhania kuwa yao. Walimu wa zamani walipinga. Chakula ni mambo ya wauguzi na madaktari, walisema, sisi ni watu wa lugha. Mwalimu anakumbuka mabishano hayo yakiendelea ukumbini huku wao wanafunzi wakinakili sura za kitabu hicho kwenye mashine ya fotokopi, maana nakala ya maktaba ilikuwa moja.

Anachokumbuka zaidi ni siku ya kwanza kwenye chumba cha eksirei. Mgonjwa, mzee wa kiharusi, ameketi wima ubavu wake ukiwa kwa mashine. Anapewa kijiko cha maji yaliyochanganywa na bariamu, mililita 1 tu, kisha 3, kisha 5, kisha kitu kizito, kisha robo ya biskuti iliyopakwa bariamu. Kwenye skrini bariamu inaonekana nyeusi. Unaiona imelala juu ya ulimi, inasukumwa nyuma, inafika kooni, na katika muda usiofika sekunde zoloto inapaswa kupanda mbele na njia ya hewa kufungwa. Kwa mzee huyo haikupanda kwa wakati. Uzi mweusi ulichirizika ukapita katikati ya nyuzi za sauti, ukashuka kwenye bomba la hewa. Mzee akatulia. Hakukohoa, hakukunja uso. Akaulizwa kama yuko salama, akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Huko ni kupaliwa kimyakimya, na ndiko kulikomshawishi Mwalimu kwamba Logemann alikuwa sahihi. Sikio lake, ambalo kwa mwaka mzima lilikuwa limenolewa kwa kaseti, lisingeweza kulijua hilo. Mzee angerudishwa wodini, angeendelea kupewa chai, na baada ya siku chache nimonia. Alipoambiwa ainamishe kidevu kifuani kabla ya kumeza, bariamu ilipita salama, na chumba kizima kiliona.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Mwaka 1988 Susan Langmore na wenzake walieleza njia ya kuangalia kumeza kwa kamera nyembamba inayopitishwa puani, ambayo mgonjwa anaweza kufanyiwa akiwa kitandani. Mwaka 1996 John Rosenbek na wenzake wakatoa kipimo cha ngazi 8 cha kueleza chakula kimeingia njia ya hewa kwa kiasi gani na kama mgonjwa amejaribu kukitoa. Ngazi ya 8 ni ya watu kama mzee yule. Logemann mwenyewe alichaguliwa mara mbili kuwa rais wa chama cha fani hiyo nchini Marekani. Leo mtabibu wa usemi katika hospitali ya watu wazima ya Marekani hutumia sehemu kubwa ya siku yake kwenye kumeza. Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, kina shahada ya uzamili iliyotengwa kwa tiba ya usemi ya hospitalini. Anayetaka cheti cha taifa lazima afikishe saa 400 za mafunzo ya vitendo, 25 zikiwa za kutazama na zilizobaki za kuhudumia, na hadi 75 kati yake zinaweza kufanywa kwa mgonjwa wa kuigiza kwenye kompyuta. Wakati wa korona, wodi zilipofungwa kwa wanafunzi, saa hizo za kompyuta ziliwaokoa wengi.

Mwalimu, aliyefundisha uzamili Illinois kwa miaka mingi, hayabezi mabadiliko haya hata kidogo. Yeye mwenyewe ameyafanyia kazi. Ila kuna jambo analolipigia kelele katika kila kikao cha mtaala: saa za afazia zimebanwa, na za kusikiliza zimekaribia kufutwa. Wanafunzi wanafika wodini wakijua kusoma skrini vizuri kuliko kizazi chake, lakini ukiwakalisha mbele ya mtu anayetafuta neno kwa dakika mbili, wengi wanakosa subira, wanamalizia sentensi kwa niaba yake. Mwandishi wa makala haya anadhani Mwalimu yuko sahihi. Mtu aliyeponea kiharusi anataka kula bila kufa, ndiyo, lakini anataka pia kumwita mkewe kwa jina.

Safari zake za kufundisha Kampala zilimpa hoja yenye nguvu zaidi. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mafunzo ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ngazi ya shahada ya kwanza, ya mwanzo Afrika Mashariki, na miongoni mwa waliokuja kusoma wapo Wakenya na Watanzania. Mwalimu alikwenda na video zake za eksirei. Alipomaliza kuonyesha, kijana mmoja kutoka Mwanza alinyoosha mkono.

“Shikamoo Mwalimu. Hospitali ninayorudi haina mashine hiyo. Nifanyeje?”

Mwalimu alifunga kompyuta na kuomba kikombe cha maji. Mililita 90, mgonjwa ameketi wima, anywe yote bila kutua. Vidole viwekwe juu ya zoloto uhisi inavyopanda. Msikilize wakati wa kunywa na dakika moja baadaye: amekohoa? Mwambie aseme “aaa”. Sauti imekuwa na majimaji? Kisha “pataka, pataka, pataka” kwa haraka kadiri anavyoweza, usikie ulimi na midomo vinavyofuatana. Wakakaa mchana kutwa wakipimana wao kwa wao, mmoja anakunywa, mwingine ameweka sikio. Aliwaeleza waziwazi kwamba kikombe hakimkamati kila anayepaliwa kimyakimya, na kwamba mgonjwa mwenye homa zisizoisha za kifua lazima ashukiwe hata kama hajakohoa.

Siku ya pili walipima uji. Tangu muongo uliopita upo utaratibu wa kimataifa wa kupanga vyakula na vinywaji kwa ngazi 0 hadi 7, na uzito wa kinywaji hupimwa kwa bomba la sindano la mililita 10: unalijaza, unaacha kinywaji kitiririke kwa sekunde 10, unasoma kilichobaki. Kikibaki chini ya mililita 1 ni ngazi ya 0, sawa na maji. Kati ya 4 na 8 ni ngazi ya 2. Uji wa dona, wa ulezi, wa muhogo, mtindi, kila kimoja kikapita kwenye bomba, na uji uleule ukabadilika ngazi ulipopoa. Jambo hilo la kupoa halikuwamo kwenye video zozote za Mwalimu, na sasa limo katika maelekezo anayowaandikia ndugu wanaouguza nyumbani: upime ukiwa na joto lile lile atakalonywea mgonjwa.

Upande wa lugha kazi imebaki nyingi. Tom Abuom wa Kenya, akiwa na Roelien Bastiaanse wa Chuo Kikuu cha Groningen, alichunguza usemi wa Wakenya wenye afazia wanaozungumza Kiswahili na Kiingereza, na Mwalimu huwapa wanafunzi wake kazi hiyo wiki ya kwanza kabisa. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili nacho sasa kina shahada ya kwanza ya audiolojia na tiba ya usemi. Mwalimu ameanza kurekodi, kwa idhini ya wagonjwa na familia zao, sauti za wazungumzaji wa Kiswahili wenye Parkinson, wenye kiharusi na waliofanyiwa upasuaji wa koo, kutoka Tanga, Mombasa na Unguja. Kila faili lina dakika chache za mazungumzo, “pataka”, kuhesabu hadi 20 na hadithi moja anayoichagua mgonjwa. Wanafunzi anawapelekea mafaili hayo bila jina la ugonjwa, pamoja na sharti lilelile la mwaka 1985: andika kwanza ulichosikia.